Maji Yafike Siku Yake

Mkulima mdogo akiambiwa kwamba kijiji chake kinajengewa skimu ya umwagiliaji, jambo la kwanza analofikiria ni maji mengi. Viongozi nao huahidi hivyo hivyo, na picha zinazopigwa siku ya uzinduzi huwa ni za maji yanayofurika kwenye mfereji mpya wa zege. Mimi nilikulia kando ya mfereji wa namna hiyo, ukanilisha na kunisomesha, kisha nikaenda kufanya kazi ya ugani katika mabonde mengine ya mpunga. Kote huko nimeona jambo lile lile: mavuno hayaendi na wingi wa maji, yanakwenda na uhakika wake. Shamba linalopata maji kidogo siku iliyopangwa hulishinda shamba linalofurika leo na kukauka wiki ambayo mpunga unachanua.

Kwetu ni Chekereni, katika tambarare iliyo kusini mwa mji wa Moshi. Ukishika barabara ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC unaupa mlima kisogo, na kadiri unavyoshuka joto linaongezeka na mvua inapungua. Kule juu, kwenye msitu wa upande wa kusini wa Kilimanjaro, hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwetu mwaka mzuri ni ule unaokaribia 600, na mpunga hauwezi kuishi kwa mvua hiyo. Lakini maji ya mlima hutufikia kwa njia mbili. Mengine hushuka na mto Rau. Mengine huzama kwenye miamba ya volkano huko juu, yakasafiri chini ya ardhi na kuibuka tambarare kama chemchemi. Chemchemi za Njoro, karibu na msitu wa Rau, hutoa maji safi na ya baridi masika na kiangazi. Ukiyaona yanavyobubujika Februari, wakati vumbi limetanda kila mahali, unaelewa kwa nini watu wamegombana juu yake vizazi na vizazi.

Kabla ya mradi, baba alilima mahindi na maharage, na kwenye eneo la bondeni alipanda mpunga mrefu wa kienyeji. Aliumwagilia kwa mfereji wa udongo ambao banio lake, yaani kizuizi cha kugeuza maji ya mto, lilikuwa la mawe, matawi ya miti, magogo ya migomba na udongo. Mafuriko ya masika yakija yalilibeba banio lote, na wanaume walikwenda kulijenga upya wakiwa wamezama kiunoni. Mwaka ambao banio lilibomoka mara nyingi, mpunga ulikauka. Mwaka ambao lilishika, eka ilitoa magunia machache, mengi yake yakaliwa nyumbani.

Kati ya mwaka 1984 na 1987 serikali, kwa fedha na wataalamu wa Japani, ilijenga skimu ya Lower Moshi. Palijengwa mabanio mawili ya zege, moja likichukua maji ya mto Rau na jingine maji ya Njoro, pamoja na mifereji ya kupeleka maji Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria. Eneo lote lilikuwa hekta zipatazo 2,300, na kati ya hizo 1,100 zilipangiwa mpunga. Ardhi ikapimwa upya. Mashamba yaliyokuwa yamepinda kufuata miti na vichuguu yakakatwa kuwa majaruba ya mstatili, kila moja meta 30 kwa 100, likiwa na mfereji wa kuingizia maji upande mmoja na mtaro wa kuyatolea upande wa pili.

Kitu ambacho sisi watoto hatukukielewa ni kwa nini wataalamu walihangaika na usawa wa ardhi kuliko hata mfereji wenyewe. Matingatinga yalikwangua na kurudi kukwangua. Baadaye, wakati wa kuchabanga, yaani kuvuruga jaruba liwe tope, wazazi wetu wakafundishwa kuvuta ubao juu ya tope, kujaza maji kidogo, kutazama ni wapi udongo unachomoza, kuufukia mahali penye shimo, na kujaza tena. Niliposomea kilimo ndipo nilipopata sababu yake kwa maneno, ingawa mama alikuwa ameshaijua kwa miguu yake. Jaruba likiinama, kona moja ina maji ya kufika gotini na nyingine iko kavu. Kwenye maji ya kina mche mchanga unahangaika kutoa kichwa, hautoi machipukizi. Kwenye kona kavu magugu yanawahi kuliko mpunga. Ukimwaga mbolea ya urea, upande mmoja inachukuliwa na maji na upande wa pili inapotea hewani kwa jua. Umenunua mfuko mmoja, umefaidi nusu.

Mbegu iliyoletwa ilikuwa IR54, iliyozalishwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga nchini Ufilipino. Ulikuwa mpunga mfupi, wenye shina gumu, usiolala chini hata ukipewa mbolea. Mpunga wetu wa zamani ukiutia mbolea ulirefuka tu na kuanguka. Miche ikakuzwa kitaluni, ikapandikizwa kwa mistari iliyonyooshwa kwa kamba. Wanawake ndio waliobeba kazi hiyo, wameinama tangu alfajiri, tope limefika kwenye vigimbi vya miguu, na mistari ikinyooka nyuma yao. Mavuno yakatoka kwenye tani mbili hivi kwa hekta na kupanda hadi tani sita na zaidi. Kwa lugha ya nyumbani, jaruba moja lililokuwa litoe magunia sita au saba sasa lilitoa zaidi ya 20. Nakumbuka sebule yetu ilivyojaa magunia hadi tukawa tunapita ubavu ubavu kwenda kulala.

Wengi wanaosimulia habari za skimu huishia hapo: maji yalikuja, mavuno yakapanda mara tatu. Lakini maji yalikuwepo hata zamani. Kilichokuwa kipya ni kwamba baba aliweza kumwaga mbolea Jumatatu kwa sababu alijua maji yanaingia Alhamisi. Aliweza kukopa pesa ya trekta kwa sababu alijua miche haitazeeka kitaluni ikisubiri jaruba lilowe. Mche wa mpunga uliokaa kitaluni kupita siku zake hautoi machipukizi ya kutosha hata ukiupa nini. Mbegu bora, mbolea na trekta ni gharama ambazo mtu mwenye akili hawezi kuzibeba ikiwa hana uhakika na maji. Kwa hiyo mkulima wa kutegemea mvua anayesita kununua mbolea si mjinga wala si mkaidi, kama nilivyosikia akisemwa katika semina nyingi. Ameshapiga hesabu yake, na hesabu hiyo ni sahihi.

Uhakika huo ulikuwa na sura ya mtu. Kila eneo lilikuwa na mgawa maji, na wa kwetu alikuwa mzee mwembamba, mpole, anayetembea na jembe begani na ufunguo wa lango la chuma kiunoni. Alijua kila jaruba ni la nani, limepandwa lini, na liko kwenye hatua gani. Alikuja jioni akasimama uani, akamwambia mama, "Mama, zamu yako ni saa nane usiku. Yakifika usipokuwepo, yanapita kwa jirani." Nikaenda na mama, nikishika kurunzi, tukasikiliza maji yakija mferejini kabla ya kuyaona. Mama alifungua kingo kwa jembe, akaingia ndani ya jaruba na kupima kina kwa vidole vya mguu. Hakutaka yazidi kifundo. Yalipotosha aliziba kwa tope na nyasi, akakanyaga, akaita jina la jirani anayefuata mpaka akaitikiwa. Hakuondoka kabla ya kuitikiwa, kwa maana maji yasiyopokewa yanabomoa kingo za watu.

Zamu za usiku ziliwaumiza wajane na wanawake wenye watoto wachanga kuliko mtu mwingine yeyote. Baadhi yao walilazimika kulipa kijana wa kuwasubiria maji, na ujira huo uliingia kwenye gharama za shamba bila kuandikwa popote. Nimesoma tathmini nyingi za skimu, na mstari huo siuoni. Skimu inayogawa maji usiku na mchana huku mikutano yake ikihudhuriwa na wanaume watupu itaendelea kuwapa wajane zamu ya saa nane usiku, kwa sababu hakuna aliyeketi pale wa kusema hapana.

Pesa ilionekana. Bati liliingia mahali pa makuti, watoto wakaenda sekondari, wafanyabiashara wa mchele wakaja na malori hadi kwenye mashine za kukoboa. IR54 haikuwa na harufu na wapishi wa mjini waliilalamikia, lakini ilijaza gunia. Miaka mingi baadaye SARO 5, iliyotoka kwa watafiti wa mpunga wa Ifakara, ilitupatia harufu na wingi pamoja, ikapokelewa haraka bila kubembelezwa. Na kuna jambo la afya ambalo napenda kulisema kwa sababu linapingana na hofu tuliyokuwa nayo. Majaruba huzaa mbu, kila mtu alilijua hilo. Watafiti waliolinganisha kijiji cha mpunga cha Lower Moshi na kijiji jirani kisicho na majaruba walikuta kweli mbu ni wengi zaidi kwetu, ila malaria ni pungufu. Maelezo yao yalikuwa kwamba familia za wakulima wa mpunga zilikuwa na uwezo zaidi: walinunua vyandarua, walikula vizuri, walipata dawa. Mavuno yalikuwa yamevuka jaruba na kuingia chumbani kwa mtoto.

Kisha mafanikio yenyewe yakatuletea kiu.

Watu wa vijiji vilivyo juu ya mabanio waliyaona magunia yetu yakipita barabarani. Nao walikuwa na ardhi, na mto ulipita kwao kwanza. Wakajifunza kuchabanga na kupandikiza kwa kutazama tu, wengine kwa kufanya vibarua kwenye majaruba yetu. Wakaanza kulima mpunga kwa mifereji yao ya asili, wakichukua maji kabla hayajafika kwenye zege letu. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1990, eneo la mpunga nje ya skimu lilikuwa linapanuka mwaka hadi mwaka, na eneo lililoweza kumwagiliwa ndani ya skimu lilikuwa linapungua. Majaruba yaliyosawazishwa kwa matingatinga yalibaki yamepasuka nyufa, mifereji mizuri ya zege ikiwa na mchanga na majani makavu. Chekereni, tuliokuwa mwisho wa mfereji, ndio tulioonja kwanza.

Msimu mmoja wa aina hiyo sitausahau. Mpunga ulikuwa umesimama vizuri, wa kijani kibichi, umebeba mimba, na maji yakakata. Mpunga una hatua nyingi ambazo unaweza kuvumilia ukame kidogo, lakini hatua ya kuchanua si mojawapo. Ua la mpunga hufunguka kwa saa chache tu mchana, chavua hudondoka, na punje ikitungwa imetungwa. Mmea ukiwa na kiu siku hizo suke linashindwa kutoka vizuri kwenye ala yake, chavua inakufa, na ganda linabaki tupu. Maji yakirudi wiki mbili baadaye mmea unarudisha ukijani wake na mgeni anayepita barabarani atasema shamba ni zuri. Mama hakudanganyika. Alikata suke moja, akalifikicha viganjani, akapuliza. Karibu lote likaruka. Mapepe. Tukavuna majani ya ng'ombe. Mbolea ilikuwa imeshalipiwa, trekta vivyo hivyo, na ada ya shule ya muhula uliofuata ikatokana na kuuza mbuzi.

Kijijini hasira zilikuwa kali. Vijana walitaka kupanda juu wakabomoe mifereji ya wenzetu, na wakati mwingine walikwenda usiku wakafanya hivyo. Kwenye karatasi haki ilikuwa yetu, maana skimu ilikuwa na kibali cha kutumia maji kutoka serikalini. Lakini mimi sikuwahi kuwachukia watu wa juu, na kadiri nilivyojifunza historia ndivyo nilivyowaelewa. Mifongo, yaani mifereji ya asili ya Kilimanjaro, ni ya kale. Wazungu waliofika mlimani karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi, ikipeleka maji umbali mrefu kwenye migomba, ikiwa na viongozi wake, zamu zake, na faini kwa asiyefika siku ya kusafisha. Mtu ambaye babu yake alichimba mfongo haoni kwamba anaiba maji anapoyafungulia shambani kwake. Skimu yetu ilikuwa imechorwa kuanzia kwenye banio kushuka chini. Walioko juu ya banio hawakuwemo kwenye mchoro, wala kwenye mikutano, wala kwenye faida. Nionavyo mimi kasoro kubwa ya skimu ile ilikuwa hapo, kuliko kwenye kitu chochote kilichojengwa au kutojengwa.

Kazi iliponipeleka Mbarali, kwenye bonde la Usangu, nilikuta habari ile ile kwa ukubwa wa kutisha. Mito inayoshuka kutoka milima ya kusini ilikuwa inamwagilia maelfu ya hekta za mpunga: mashamba makubwa kama Mbarali na Kapunga, skimu ya Madibira, na mifereji isiyohesabika ya wakulima wadogo. Maji yanayobaki huingia kwenye oevu la Ihefu na kutoka kama mto Ruaha Mkuu, unaopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kwenda hadi mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi. Viboko wakabaki wamebanana kwenye vidimbwi vya tope.

Kule nilijifunza jambo la kiufundi ambalo lilinibadilisha mtazamo. Lile banio la zamani la matawi na mawe, ambalo baba alilichukia, lilikuwa linavuja. Lilivuja kiangazi, na maji hayo yaliyovuja ndiyo yaliyowafikia watu wa chini, ng'ombe wao na visima vyao. Lilibomoka masika na kuuachia mto upite wote. Linapojengwa banio la zege badala yake, halivuji na halibomoki. Mkulima wa juu anaweza kugeuza mto mzima mwezi wa Septemba, wakati mpunga wake umeshavunwa na maji anayoyachukua yanazagaa tu majumbani na kwenye mashamba matupu. Kwenye ripoti banio hilo huitwa lililoboreshwa. Kwa aliye chini ni ukuta. Mhandisi anayejenga banio bila kuweka kiwango cha maji ambayo lazima yapite anaongeza mavuno ya kijiji kimoja kwa kuyatoa katika kijiji kingine, na ikijumlishwa, nchi haijapata kitu.

Ndiyo maana moyo wangu umeelekea zaidi kwenye hifadhi ya maji kuliko kwenye ugawaji peke yake. Ukiwa na akiba, aliye juu na aliye chini hawalazimiki kunyang'anyana siku moja. Wapare, majirani zetu wa Same na Mwanga, walilijua hilo zamani. Ndiva zao ni mabwawa madogo ya kuta za udongo na mawe, yanayojazwa usiku na kijito kidogo ambacho kikiachwa kitiririke chenyewe hakiwezi kufika mwisho wa shamba. Asubuhi tundu linafunguliwa, maji yanatoka kwa nguvu, zamu ya mtu inaisha kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyelala nje. Wenzetu wa Mwea, Kenya, wamefanya jambo la aina hiyo kwa kiwango cha nchi. Walilima mpunga wao wa pishori kwa miongo mingi wakitegemea maji ya mito Thiba na Nyamindi kama yanavyokuja, na bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, lilijengwa ili msimu wa pili nao uwe wa uhakika na eneo liongezeke. Bwawa lina gharama yake na watu waliohamishwa nalo. Lakini linanunua kitu ambacho mfereji pekee hauwezi kukinunua, yaani kuhamisha maji kutoka mwezi wa mafuriko hadi mwezi wa kuchanua.

Njia nyingine ni kutumia maji machache zaidi kwa kila gunia, na hapo ndipo kilimo shadidi kinapoingia. Mche unapandikizwa ukiwa na siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, na jaruba halijazwi muda wote: linalowa, linaachwa likauke hadi nyufa ndogo zianze, linaloweshwa tena. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikifanyia majaribio na wakulima wa Mkindo, Morogoro, na mavuno yakapanda huku maji yakipungua. Mizizi inayopata hewa inakwenda chini, machipukizi yanakuwa mengi, mbegu inatumika kidogo. Nimekifundisha sana na ninakiamini.

Lakini angalia kinachotokea unapokipeleka kwenye skimu isiyo na uhakika. Unamwambia mkulima wa mwisho wa mfereji atoe maji jarubani, aliache likauke. Anakutazama kwa adabu, anaitikia, na kesho yake unakuta amelijaza hadi kwenye kingo. Mzee mmoja wa Mbarali aliniambia bila kuzunguka, "Mwanangu, maji niliyo nayo nayajua. Ya wiki ijayo siyajui." Kujaza jaruba ndiyo akiba yake, na ndiyo inayomnyima wa chini yake zamu. Kila mtu akijiwekea akiba ya namna hiyo, maji yanakwisha kabla ya kufika nusu ya skimu, hata kama mtoni yangewatosha wote. Nikaacha kuanza mafunzo kwa nafasi na umri wa miche. Nikawa naanza na ratiba ya zamu, na sikugusa habari ya kukausha jaruba mpaka ratiba iwe imeheshimiwa msimu mzima, hata kama ofisini waliniuliza mbona nachelewa.

Kuhusu pampu na mipira ya matone sitasema mengi, maana uzoefu wangu ni wa mpunga. Kwa nyanya, vitunguu na pilipili hoho, matone yanapeleka maji na mbolea kwenye shina lenyewe na kuacha njia ikiwa kavu, magugu yakakosa maji. Pampu ya sola imewatoa vijana wengi kwenye gharama ya petroli. Tatizo ni kwamba jua halikutumii bili. Nimeona mahali ambapo pampu zimepangana kwenye kijito kimoja, kila mwenye nayo akivuta tangu asubuhi hadi jua linapozama, na wa mwisho akivuta tope. Chombo kimekuwa cha kisasa, ugomvi ni ule ule wa mifongo, ila sasa hakuna mzee wa mfongo wa kuuamua.

Kuna pia chumvi. Kwenye joto kama la kwetu, maji yanayomwagwa yanapanda tena kwa mvuke na kuacha madini juu ya udongo. Mtaro wa kutolea maji ndio unaoyaosha na kuyaondoa. Lakini mtaro hauna mwenyewe. Kila mtu husafisha mfereji unaomletea na kuusahau unaomtolea. Mtaro ukiziba, maji ya chini ya ardhi yanapanda, na baada ya misimu kadhaa unaona weupe kwenye kingo, halafu mabaka ambayo miche inabadilika rangi na kufa ncha za majani. Baadhi ya majaruba ya chini kwetu yalifikia hapo. Mavuno ya skimu hupungua kwa njia hii polepole sana hivi kwamba lawama huangukia mbegu au mbolea, na mkulima anabadilisha mbegu miaka yote huku ugonjwa uko kwenye mtaro.

Tangu mpango mkuu wa umwagiliaji wa mwaka 2002, inasemwa mara kwa mara kwamba Tanzania ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa. Nimeisikia namba hiyo kwenye hotuba nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ni namba ya matumaini, na mpango wenyewe ulitenga hekta milioni 2.3 tu kuwa zenye uwezekano mkubwa. Ningependa kila anayeitaja aweke pembeni yake swali la mto: maji ya kiangazi ya hekta hizi yanatumiwa na nani sasa hivi? Sheria ya Umwagiliaji ya mwaka 2013 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zinatoa vyombo vya kulijibu, kuanzia vyama vya wamwagiliaji hadi jumuiya za watumia maji wa mto mzima. Vyombo hivyo vinafanya kazi pale ambapo wa juu na wa chini wameketi kikao kimoja na kugawana kiangazi, kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufika.

Majaruba ya mama sasa anayalima dada yangu. Lower Moshi haijarudi ilivyokuwa mwaka ule sebule ilipojaa, na maji ya kumwagilia eneo lote kwa wakati mmoja hayapo. Kilichobadilika ni kwamba ratiba inajulikana mapema. Chama cha wamwagiliaji hutangaza kabla ya vitalu kuanza ni maeneo gani yatapata maji ya mpunga msimu huu na yapi yasubiri, na anayesubiri hapandi kwa kubahatisha. Msimu uliopita eneo la dada lilikuwa la kusubiri, akapanda mahindi ya muda mfupi kwenye unyevu uliobaki, akatumia maji mara chache, akavuna. Kwenye mkutano alisimama akataka jambo moja: zamu ya kusubiri iandikwe kwenye daftari la chama kwa miaka ijayo, eneo kwa eneo, ili isije ikawa kila mwaka ni Chekereni. Palikuwa na mabishano hadi magharibi, hasa kutoka kwa wenye majaruba ya karibu na banio. Mwishowe liliandikwa, likasainiwa, na wawakilishi wawili wa mifereji ya juu, walioalikwa kwa mara ya kwanza, wakasaini pia. Sasa hivi dada yuko kitaluni analoweka mbegu ya SARO 5, na ameshakopa pesa ya trekta.